Msamaha Uliotolewa Nyamitanga

Juru, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda

Kwa Baba mpenzi, Pasta Muhirwa,

Amani ya Bwana iingie nyumbani mwako kabla ya maneno yangu. Hamujambo huko milimani? Mama bado anakohoa? Na ule mguu wako, umekubali tena kupanda mpaka kanisani? Ng'ombe sitauliza, kwa sababu habari za kupotea kwao zilitufikia, tukalia hapa kama tumefiwa na mtu. Sisi tungali tunapumua. Maharagi yalitoa maua vizuri, kisha jua likayapiga. Tunakula, hatushibi, tunamshukuru Mungu, basi.

Barua hii anakuletea Astère, yule mwalimu wa kwaya. Tumemshauri asirudi huko, amekataa, anakwenda kutafuta wazazi wake. Simu zenu hazishiki tena tangu siku ile nilipoanza kukuambia kwamba mdogo wangu Cyiza ameumia macho, laini ikakatika. Sasa keti, Baba. Mama akikuuliza kwa nini umenyamaza, mwambie unatafuta miwani.

Hapa kila mtu analima kipande kisichomtosha, kwa hiyo vijana wa Juru wanatafuta kazi Mbarara. Kuna bwana mmoja anaitwa Meddy. Anakuja asubuhi na lori, anachagua watu kwa kidole namna munavyochagua ndama sokoni, anawapeleka kwenye kampuni moja ya maziwa. Mdogo wangu alifurahi mingi! Alisema mtoto wa wafugaji kufanya kazi ya maziwa ni kama kurudi nyumbani. Maskini, maziwa yenyewe hakuyagusa. Walimpa kazi ya kuosha matanki kwa dawa kali, ile inayokula mafuta na ngozi pamoja, bila glavu, bila kitu cha kukinga macho. Siku bomba lilipofyatuka, dawa yote ilimpiga usoni.

Kampuni ikasema haimjui, huyo ni mtu wa Meddy. Meddy akasema yeye ni mwenye lori tu. Hata hivyo, kwa kuogopa maneno, kampuni ikawa inalipa lopitali. Jicho la kuume lilikufa palepale. La kushoto daktari alisema linaweza kupona, ila tumpeleke Kampala apasuliwe mapema, kabla kovu halijalifunika lote. Hilo jicho moja, Baba, ndilo tulilokuwa tunapigania. Kampuni ikatuambia tungoje, tungoje.

Hapo ndipo tulimpata Goreti, avoka wa shirika linalowatetea wakimbizi kortini, Mnyankore mwenyeji wa hapa anayesema haraka na mwenye moyo mzuri. Alitueleza kwamba serikali ya hapa ina mpango wa taifa juu ya biashara na haki za binadamu. Humo inasemwa serikali ilinde watu, kampuni ziheshimu haki zao, na mwenye kuumizwa apate njia ya kudai fidia. Nikamuuliza kama mpango huo unaweza kumkamata tajiri. Akacheka kwa uchungu, akasema mpango si sheria, mpango unaomba. Lakini wakubwa kutoka Kampala walikuwa wanakuja kusikiliza namna unavyotekelezwa, na watu wa kampuni wangekuwepo. Kama Cyiza angesimama mbele yao wote akaeleza, kampuni ingeona haya na kulipa upasuaji.

Tukaenda. Ukumbi ulikuwa Nyamitanga, huko Mbarara ng'ambo ya mto Rwizi, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe kama arusi. Nilimvalisha Cyiza kile kitenge cha Mama.

Sasa sikia kosa letu. Hakuna aliyetuambia namna ya kusema fasi kama ile, mbele ya wakubwa, na sisi tunajua namna moja tu, ile uliyotufundisha. Katika kanisa lako anayeshuhudia anaanza kwa kushukuru, halafu anawasamehe waliomkosea kwa majina yao, ili watu wajue hasemi kwa kinyongo, ndipo anafungua jambo lenyewe. Uliweka desturi hiyo baada ya vita, ili watu waambiane ukweli bila kutafutana na mapanga. Ni desturi nzuri, huko milimani.

Cyiza akapewa mikro ya kusemea. Akamshukuru Mungu, akaishukuru Uganda kwa kutupokea. Akasema anamsamehe Meddy, anawasamehe wakubwa wa maziwa, hana neno nao. We, makofi yaliyopigwa! Msimamizi akasimama, akasema huo ndio moyo wa maelewano ambao mpango unautafuta. Akaitoa mikro mkononi mwa Cyiza polepole, kwa heshima kabisa, akampa mtu mwingine aliyekuja kusema habari za machimbo ya mchanga. Baba, mdogo wangu alikuwa amefungwa bandeji macho yote. Alidhani wanamshikia mikro, na ile sauti iliyotoka kwenye spika alidhani ni ya mkalimani. Akaendelea kusimama pale, anaeleza bomba, anaeleza dawa, na watu wamekwisha kugeuza nyuso. Mimi nilikuwa nyuma kabisa. Nilipomfikia alikuwa kwenye maneno ya daktari. Nikamkalisha, naye akaniuliza kama wamesikia vizuri.

Nilimwambia ndiyo. Ningemwambia nini?

Mtu wa kampuni alikuwa amepiga video. Haukupita muda, lopitali ikatuambia kampuni imeacha kulipa. Goreti alipokwenda kuuliza, walimwekea simu mezani atazame: si mwenyewe amesamehe, tena mbele ya serikali? Goreti alipiga milango yote. Kanisa likachanga, ndugu wa kambi ya Oruchinga nao wakachanga, mpaka tukafika Kampala. Daktari wa kule alimulika taa, akatushika mikono. Alisema tumechelewa.

Cyiza haoni tena, Baba. Hata mwanga.

Goreti sasa anataka kwenda kortini. Anasema njia ingali iko, ila baavoka wa kampuni watamshika Cyiza kwenye kiapo wamuulize kama alisamehe, ao alidanganya mbele ya Mungu wake. Nilimwambia Cyiza ajibu kwamba ilikuwa desturi ya kuanzia maneno, imekwisha. Akanikatalia. Alisema siku ile alisamehe kweli, kwa moyo wote, na sasa anawachukia kweli, kwa moyo wote. Anataka asimame kanisani hapa Juru, auondoe ule msamaha wazi mbele ya watu, ndipo aende kortini akiwa mkweli. Pasta wa hapa amemzuia, amesema msamaha ukishatoka haurudishwi. Ndiyo maana anakuomba wewe. Ni wewe uliyemfundisha kuutoa, basi umwambie kama mtu anaweza kuuchukua tena. Ukisema hapana, atatii, na kesi itakufa, naye ataishi kwa kushikwa mkono na majirani.

Baba, nimelelewa kukutii, na nisamehe kwa hili ninaloandika. Jibu lako nitamsomea mimi, hakuna mwingine. Ukimwandikia kwamba aendelee kusamehe, sitamsomea hivyo. Nitamsomea kwamba Baba amekubali. Nitaiga namna yako ya kusema, hata na mstari wa Biblia nitautafuta, na dhambi hiyo nitaibeba mwenyewe mpaka mbele ya Mungu. Nimekuambia mapema, usije ukasema nilikuibia neno. Sasa andika unalotaka.

Cyiza yuko hapa kando yangu, anachambua maharagi kwa vidole. Anakusalimu mingi, anamsalimu Mama, anauliza kama mlango wa kanisa ulitengenezwa. Anadhani ningali kwenye salamu. Mungu awafiche chini ya mbawa zake, awaonyeshe asubuhi nyingine huko muliko.

Ni mimi binti yako,
Mukamazimpaka