Kitenge Chako Mbele ya Kijicho

Mama Neema,

Nakuandikia nikiwa katika chumba cha hoteli hapa Lilongwe, karibu na Old Town tulikokuwa tukinunua nyuzi za cherehani yako. Usishtuke, sijatajirika. Watu wa ofisi ya safari wamenitoa kambini Dzaleka kwa siku mbili ili daktari aone kama nafaa kupanda ndege kwenda kwa binti yetu. Unakumbuka walivyonirudisha mara ya kwanza kwa sababu ya presha. Ulinisubiri barabarani, na ulijua kabla sijafungua mdomo. Safari hii walisema ikipanda tena, faili inafungwa. Kwa mengi siwaamini, ila kwa hilo nawaamini.

Jana mchana, nilipoingia tu, kiyoyozi kiliwaka chenyewe. Juu ya mlango niliona kijicho cheusi, ukubwa wa kifungo cha koti, na kila nilipopita kiliwasha nukta nyekundu. Wewe unanijua. Mtu aliyehesabiwa, akapigwa picha na kuulizwa jina la babu yake kwenye meza tatu tofauti, anajifunza kwamba kila chenye jicho kina mwenyewe mahali fulani. Nikajua wananitazama, waone kama mzee huyu ni mtulivu au ni mgonjwa.

Nikavaa koti. Nikaketi mikono magotini, kama tulivyokaa mbele ya kamera za usajili, wala sikupepesa. Baada ya muda kiyoyozi kikazima. Joto la Oktoba, dirisha halifunguki, jasho likanitiririka mgongoni. Nikawaza: kumbe wananipika leo ili kesho presha ipande! Kwa hasira nikazidi kutulia. Niliposimama kutafuta maji, kikawaka. Nikaketi, kikazima. Ilikuwa hivyo mara nne, na kila mara shaka yangu ilinona.

Mwanamke wa usafi alikuja na taulo. Nilimwambia "zikomo", asante ya watu wa hapa, lakini lafudhi ilinisaliti, akanijibu kwa Kiswahili cha kwetu Bukavu. Sasa anakaa mtaa wa Chilinde, hapa mjini.

"Papa, koti mu hii joto? Unaenda ku ndoa?"

Nikamwonyesha kijicho, kwa sauti ya chini. Alicheka mpaka akaegemea mlango.

"Ile haiko kamera, Papa. Inaangalia tu kama kuko muntu. Ukikaa kimya inazani umetoka, inafunga baridi."

"Sasa mimi nitasoma namna gani? Nitalala namna gani?"

"Ucheze kidogo-kidogo," akasema, akatikisa mabega kama yuko kwenye kwaya, akaenda zake.

Sikumwamini sana. Lakini yale maneno yake, kama kuko muntu, yalinirudisha kwenye kamba yetu ya nguo. Kila tulipotoka wote wawili, ulichovya kitenge majini ukakianika mbele ya mlango. "Nguo kavu inasema benyewe bametoka," uliniambia. "Nguo mbichi inasema muntu iko ndani. Mwizi anasoma kamba mbele ya kusoma mlango." Nami nilikubishia, hadi siku ile tuliporudi tukakuta nyumba nzima, sufuria zote zipo, kitenge peke yake kimeibwa. Ulikaa chini kwenye vumbi, ukacheka. "Baba Neema, bamebeba mlinzi!" Kesho yake ulianika kingine, cha manjano.

Hicho cha manjano ndicho ninachofungia karatasi zangu. Nikazitoa, nikakining'iniza kwenye mlango wa kabati, mbele ya kijicho, upepo wa mashine ukipige. Kikaanza kupepea. Nikaketi, nikangoja nikiwa na saa mkononi. Nusu saa, baridi haikuzima. Upepo ulitikisa kitenge, kitenge kikakidanganya kijicho, kijicho kikaleta upepo. Nilivua koti, nikalala kama mtoto.

Leo asubuhi daktari alipima presha. Alisema iko vizuri. Nikamwomba apime tena, kwani sikukiamini chombo chake. Ikawa vilevile. Kisha karani akauliza, bila kuinua macho, "Unasafiri na nani?" Nikajibu, "Peke yangu." Akaandika. Nilihisi nimetia saini uongo, lakini sikujua ni uongo gani.

Niliporudi hotelini, yule mama wa usafi alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Sasa ilikuwa zamu yake kunishuku.

"Papa, hii chumba iko ya muntu moja. Kule chini mashine yabo inaonyesha toka asubuhi muko muntu ndani, na we ulikuwa umetoka. Ulificha nani humu?"

Ningeweza kueleza. Nilifungua mlango tu. Chumba kilikuwa baridi kama asubuhi ya kwetu milimani, na wewe ulikuwa unapepea.

"Ni mama ya batoto," nikamwambia.

Aliangalia kitenge, kisha akaniangalia mimi. Hakucheka. "Basi nitabaambia njo hivyo," akasema, akavuta mlango polepole.

Kesho narudi Dzaleka kuaga kaburi lako, na hilo ndilo nililoliogopa kuliko presha. Ofisi imeandika mtu mmoja. Nitawaacha waandike. Karatasi nitazibeba mfukoni. Kitenge nitakichovya majini kabla ya kutoka, nikikunje kikiwa kibichi.

Tuondoke pamoja, mke wangu.

Mumeo,
Baba Neema