Pengo Kwenye Dumu la Asali

Jumatano. Upepo umeanza kabla ya saa mbili asubuhi, na vumbi la Dodoma limeingia mpaka kwenye kopo la sukari.

Situlii. Tangu nirudi kutoka ofisini nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu, nimepanga vyombo kabatini nikavipangua, na chai niliyochemsha mchana nimeiacha mezani ikapoa. Sasa ni saa kumi na moja jioni, niko kwenye chumba cha intaneti karibu na stendi. Mwenye chumba ameniuliza mara mbili kama kompyuta ina tatizo, maana robo saa nzima imepita sijaandika neno. Nimemwambia kompyuta ni nzima. Sikumwambia tatizo liko kwenye kiti.

Nitaandika kama ilivyokuwa. Wanaosoma blogu hii hawajazi hata benchi moja, kwa hiyo aibu itakuwa ndogo.

Kazi yangu ni asali. Kampuni yetu inanunua asali vijijini, inaichuja upya hapa mjini, inaitia kwenye chupa na kuibandika karatasi yenye picha ya ua. Mimi ndiye ninayekwenda vijijini kuangalia kama asali ni safi na kama imeiva. Mwaka huu tulianza na kijiji kimoja cha Wasandawe nyuma ya Kwa Mtoro, na mimi ndiye niliyewatafuta. Nilijisifia hilo kwa kila aliyenisikiliza na kwa wengine ambao hawakutaka kunisikiliza.

Wale watu wameishi na pori lile tangu mababu zao. Mizinga yao ni ya magogo, wanaitundika juu kwenye miti ya mitundu na miyombo, na kila ukoo unajua miti yake bila hati wala ramani. Wakirina asali, hawakombi mzinga. Masega yenye majana, yaani watoto wa nyuki, wanayaacha, na mengine ya asali pia wanayaacha ili nyuki wasihame. Hakuna semina iliyowafundisha hayo. Mimi ndiye niliyepelekwa semina ya siku tatu, tukala kuku kila mchana, na mambo mengi tuliyoambiwa kule niliyakuta kwao yanafanyika.

Shida yao ni soko. Zamani asali na nta zilikwenda kwenye ushirika. Ushirika ukafa, biashara ikaachiwa huru, na walanguzi wakaja kila mtu na kopo lake la kupimia ambalo ujazo wake aliujua mwenyewe. Kisha akaja mtu wa mkaa. Huyu ana malori, na ameahidi bati za kuezeka shule kama kijiji kitampa upande wa mashariki wa pori akate. Akishakata, watu walime alizeti. Bati za shule si jambo la kucheka ukiwa na mtoto anayesoma chini ya nyasi zinazovuja. Wanakijiji wakasema watasubiri kwanza waone asali italeta nini. Mkutano wa kuamua ni keshokutwa, Ijumaa.

Hapo ndipo nilipowaangusha.

Mzigo wa kwanza ulipokuwa tayari, nilitakiwa niwepo siku ya kujaza madumu na kuyafunga. Kuna fomu. Ninatia sahihi kwamba nimeshuhudia kila dumu likifungwa mbele ya macho yangu. Siku iliyotangulia nilikuwepo, nikapima asali yao, ilikuwa nzito na kavu kama ninavyotaka. Lakini kesho yake binamu yangu aliolewa Kolo. Binamu tuliyelala naye kitanda kimoja utoto wote. Nikajiambia asali nimeshaipima, kufunga mifuniko hata mtoto anaweza. Nikatia sahihi kwenye fomu ambayo haijajazwa, nikapanda pikapu iliyokuwa ikienda Kondoa, na saa ambayo madumu yanafungwa mimi nilikuwa Kolo nimejitanda kanga mpya, nacheza mpaka viatu vikaniuma.

Harusi ilikuwa nzuri. Hata hilo siwezi kulikana.

Madumu yakafika Dodoma, yakakaa stoo kwenye joto hili la mwezi wa kumi. Wiki ya pili yakaanza kuvimba. Moja lilifungua mfuniko lenyewe, na stoo nzima ikanuka kama kilabu cha pombe. Asali ilikuwa imechacha. Nikapima maji yake, yalikuwa mengi kuliko siku ile nilipopima kijijini. Meneja akanitaka nieleze kwa maandishi, siku hiyohiyo.

Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kuandika kwamba sijui, kwa sababu sikuwepo. Badala yake nikaandika mistari minne: inaelekea wauzaji waliongeza maji baada ya kipimo ili kuongeza ujazo. Niliandika haraka, kalamu haikukwama hata mara moja. Kijiji kizima nikakifanya cha wezi ili nisiulizwe nilikuwa wapi.

Meneja akaandika barua ya kusitisha mkataba. Na kwa kuwa kijiji nilikitafuta mimi, barua nikapewa mimi niipeleke.

Nilikwenda juzi, Jumatatu, alfajiri kwa gari la kampuni. Njia nzima nilikuwa najipa moyo kwamba labda kweli waliongeza maji. Nilitamani iwe kweli. Nasikia haya kuandika hivyo, lakini nilitamani, kwa sababu wao wakiwa wezi mimi nabaki msafi.

Nilifikia kwa Bibi Magdalena, ndiye mkubwa wa akina mama wanaochuja. Kiswahili chake ni cha polepole, anachagua maneno, halafu anageuka na kumaliza sentensi kwa Kisandawe na wajukuu zake, na mimi Mrangi wa Kondoa nabaki nikitabasamu kama bubu. Nilimwamkia, nikapewa kigoda, nikapewa uji. Barua ilikuwa kwenye mkoba. Nikaona nisiitoe kabla ya kuuliza, nikamwambia asali imeharibika na ningependa kujua siku ile walijaza vipi.

Alishtuka kwa kweli. Kisha akanieleza bila kuficha, kwa sababu hakuwa na cha kuficha.

Walijaza jioni ileile nilipoondoka, madumu yakajaa mpaka shingoni. Asubuhi povu lilikuwa limepanda juu, wakaliengua, na kila dumu likabaki na pengo la kama vidole vinne. Wakatazamana. Pale kwao chombo cha mgeni hakiondoki na pengo. Ukimrudishia mtu chombo chake kikiwa pungufu, umemwambia kwamba hujali kama atarudi. Na asali ya kawaida ilikuwa imekwisha, mizinga iliyobaki haikuwa imeiva, na kurina mizinga mibichi ni mwiko. Kwa hiyo wakapita nyumba kwa nyumba, na kila mama akatoa alichokuwa nacho cha asali ya nyuki wadogo.

Kwa asiyejua: nyuki wadogo ni wale wasiouma, wanaokaa kwenye matundu ya miti. Asali yao ni kidogo, nyepesi kama maji, ina uchachu kwa mbali. Watu huiweka kwenye chupa ndogo ndani kabisa, kwa ajili ya kifua cha mtoto na mama aliyejifungua. Mjini chupa moja inauzwa ghali kuliko asali yetu yote ya picha ya ua. Na ukiimwaga ndani ya asali nzito, ukaifunga, ukaiweka kwenye joto, itachacha tu. Ningekuwepo ningewazuia kwa sentensi moja.

Walitoa dawa za watoto wao ili dumu langu lisiwe na pengo. Mimi nikaziita maji.

Nilishika kile kibakuli cha uji nikashindwa kunywa. Bibi Magdalena aliona machozi yananilenga, akadhani nahuzunikia mali ya kampuni. Akanisogelea, akaniwekea mkono gotini.

"Usilie, mwanangu," akasema. "Labda hatukuweka ya kutosha."

Barua sikuitoa. Nilisema nitarudi, nikaondoka karibu nikimbie, nikamwacha ananitafutia mayai ya kunifungashia safarini.

Jana nilikwenda kazini nikapita mbele ya mlango wa Meneja sijui mara ngapi. Nilitunga maelezo. Ya kwanza yalisema kwamba kulitokea kutoelewana. Ya pili yalisema wanakijiji hawakupewa maelekezo ya kutosha, bila kutaja nani alipaswa kuwapa. Ya tatu yalikuwa mazuri zaidi, yalikuwa na utaalamu mwingi wa asali na mimi simo kabisa. Nilishangaa jinsi ninavyojua kujikosha. Mama yangu husema mficha uchi hazai, na mimi nimezoea kulicheka neno hilo kwa sababu ya uchi. Jana halikunichekesha.

Leo saa tatu asubuhi nimeingia. Nimeanza na asali ya nyuki wadogo, maana hapo palikuwa rahisi, nikaeleza pengo na povu na akina mama waliopita nyumba kwa nyumba. Meneja si mtu mbaya. Alikuwa anaandika, akaacha kuandika. Akasema kumbe walitupa kitu cha bei kubwa kuliko tulichonunua, akatikisa kichwa, hata akacheka kidogo. Akaanza kuhesabu kwa sauti kwamba asali ya wadogo tungeweza kuichukua peke yake, kwenye chupa zake, wakaipata bei yake. Nikaona mambo yanakwenda vizuri mno, na nikajua kwamba nikinyamaza hapo nimepona. Kijiji kimesafishwa, mimi nimesafishwa, kila mtu ameshinda.

Kisha akauliza jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza.

"Sasa Zaituni, wanamimina hayo yote, wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Nikamwambia. Kolo. Harusini. Sahihi niliitia siku moja kabla, na yale niliyoandika kuhusu maji niliyabuni.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alivuta droo, akaitoa fomu yenye sahihi yangu, akaisoma polepole kama mara ya kwanza. Nikaitoa ile barua ya kusitisha mkataba ambayo sikuifikisha, nikaiweka mezani. Akaichana mara mbili.

"Ya kijiji andika upya wewe," akasema. "Ya kwako nitaiandika mimi."

Akaniambia niende nyumbani, kesho saa mbili nimletee barua ya kijiji aitie sahihi na muhuri. Ya kwangu nitaikuta tayari. Sijui kama itakuwa ya onyo au ya kwaheri, na sikuthubutu kuuliza.

Kwa hiyo niko hapa naandika blogu kwa sababu barua yenyewe inanishinda. Mwanzo umekwenda: tunaendelea, mkataba uko palepale, hasara ya mzigo wa kwanza si yenu. Kuhusu chupa za nyuki wadogo pia nimeandika vizuri. Nimekwama kwenye sentensi moja tu. Nitawaambiaje waache pengo? Nimeandika "msijaze mpaka juu", ikasomeka kama karipio. Nimeandika "dumu pungufu linakubalika", ikawa kama nawahurumia. Nimefuta, nimeandika, nimefuta tena. Mwisho nimeandika hivi: "Dumu likibaki na pengo, liacheni hivyo hivyo. Tutajua mmetujali, na tutarudi." Meneja atasema si lugha ya ofisi. Aseme.

Basi linaondoka kesho saa nne, nitafika jioni kama gurudumu halitapasuka, na Ijumaa asubuhi watu watakaa kuamua kati ya bati na pori. Barua hii iwe mikononi mwao kabla hawajakaa. Kama nitakuwa nimeachishwa kazi nitapanda kwa nauli yangu, na nauli ninayo.

Lakini barua haina mahali panaposema kwa nini asali iliharibika. Meneja amesema hilo ni la ndani ya kampuni, halina haja ya kwenda kijijini. Nimelifikiria mchana kutwa, wakati nafua zile nguo safi. Nikimpa Bibi Magdalena barua na kunyamaza, atafurahi, atanitafutia tena mayai, na maisha yake yote atabaki akiamini kwamba walitoa kidogo.

Kwa hiyo nitaketi kwenye kile kigoda na kumwambia kwamba walitoa kingi mno, na kwamba mimi siku ile nilikuwa Kolo, nacheza, na baadaye nikawaita wezi. Barua ya Meneja nitaipokea vyovyote itakavyokuwa. Ninachoogopa ni mkono wake utakapoondoka gotini kwangu.