Mwendo wa Ziada na Kiganja cha Baba

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo, wewe na masikio yako magumu? Mimi mzima, kikohozi kimeniacha. Shangazi naye, goti lake vipi?

Baba, kazi yangu imekubaliwa! Miezi minane wakaguzi wananirudishia, rekebisha hapa, rekebisha pale, mpaka nikawaota. Sasa imeingia kwenye kiini cha mfumo, yaani ile programu ya chini kabisa inayoiamrisha kompyuta nzima. Nikueleze kwa lugha ya mashine yako ya kusaga. Prosesa ndiyo injini. Ina mwendo wake wa kawaida, halafu ina mwendo wa ziada, wa kukimbia kidogo kazi ikizidi. Prosesa za aina ya hiyo yako zimetoka nao kiwandani, ila kiini kilikuwa hakijui kuuomba. Mimi ndiye niliyekifundisha, na nikaweka swichi ya kuuzima kwa asiyeutaka.

Nimekuwekea toleo hilo kwa mtandao, uwe wa kwanza kulitumia. Swichi nimekuzimia, maana mwendo wa ziada huleta joto, na wewe kompyuta umeifungia kwenye sanduku. Ukiona lolote baya niambie.

Mwanao,
Kiherehere

9 Machi

Mwanangu Kiherehere,

Marahaba. Sisi wazima, Shangazi yako na goti lake ndio wanagombana. Wewe unakula lakini? Kompyuta haishibishi.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiisomea foleni nzima. Mteja mmoja akachapa, "Hongera mzee, sasa nisagie." Unajua tena, tangu mashine inile masikio, kila mteja anachapa anachotaka nami nasoma: laini, chenga, rudia mara mbili. Bila kompyuta hii mimi gogo tu. Ndiyo maana nikaichongea sanduku lenye mlango, vumbi la unga lisiiingie. Mteja akiondoka naifunga ilale, na mlango wa sanduku naufunga.

Hiyo habari ya mwendo naielewa sana. Injini yangu ina wenzo wa kuzuia kasi. Ikizimika, kabla sijaiwasha tena, naushika kwanza wenzo nione uko wapi. Injini haikumbuki ulichoiambia jana. Siku ulipousahau nilikufokea mpaka ukalia, unakumbuka?

Baba yako

30 Machi

Baba,

Shikamoo. Niwie radhi, salamu nyingine zitafuata. Nimekosea.

Watu wameniandikia. Wamezima mwendo wa ziada, wamefunga kompyuta ikalala, ikiamka mwendo umerudi wenyewe. Swichi inasema umezimwa, kumbe prosesa inakimbia. Nimetafuta sababu, ni mimi. Nilisahau kukiambia kiini kiikague ile swichi kompyuta inapoamka. Sikuushika wenzo, Baba. Uliniandikia kabisa, nikacheka, nikaendelea na mambo yangu.

Na wewe unaifunga kila mteja akiondoka, ndani ya sanduku, kwenye vumbi la unga! Ni wewe uliyenifundisha jinsi vumbi hilo linavyoshika moto. Ukisoma hii, itoe kwenye sanduku sasa hivi, izime kabisa. Usijibu kwanza. Itoe.

Mwanao

31 Machi

Baba,

Shikamoo. Hujajibu. Shangazi nimempigia mara kumi na moja, hapatikani. Simu yako najua iko kwenye droo, na hata ikilia huisikii. Barua hii inakuja kwenye kompyuta ileile ninayoiogopa, sijui hata kama kuna wa kuisoma. Niandikie neno moja tu, hata tusi.

Mwanao

3 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na ya pili marahaba. Tulia, tuko hai. Naandika kwenye karatasi kwa mkono wa kushoto, Shangazi yako ataipiga picha akutumie. Alikuwa msibani, ndiyo kwanza amerudi, na barua zako amenifungulia kwenye simu yake leo hii.

Tarehe ishirini na tisa moshi ulitoka kwenye sanduku. Betri ilikuwa imevimba. Niliivuta kompyuta kwa mkono wa kulia nikaitupa nje, wateja wakalimwagia sanduku mchanga. Sanduku limeungua, mashine ya kusaga imepona, kompyuta imeharibika betri tu. Kiganja kina malengelenge, yatakauka.

Sasa nikwambie ukweli, maana naona unavyojilaumu. Nilijua. Tangu tarehe kumi na nne, kila nikiweka kiganja juu ya sanduku, kama ninavyoipima injini, nasikia moto. Sikusema. Mtoto amehangaika miezi minane, amefaulu, foleni nzima nimeitangazia, halafu niwe mimi wa kumwambia kazi yake inaunguza? Nikajiambia labda ndivyo mambo ya kisasa yalivyo. Nikawa nakaa karibu na sanduku tu, mkono juu. Siku ile ya moshi niliinuka kidogo tu kwenda kumfungia mteja gunia.

Baba yako

4 Aprili

Baba,

Shikamoo, na pole, pole sana na kiganja. Nimelia ofisini mpaka mwenzangu wa meza ya jirani akaniletea maji. Halafu nikakasirika. Siku kumi na tano! Si nilikuandikia, ukiona lolote baya niambie? Bora ungenifokea kama siku ile ya wenzo. Watu nisiowajua wameniambia kosa langu, baba yangu mzazi kalifunika kwa kiganja! Ningekupoteza kwa sababu ya heshima, Baba. Usinifanyie hivyo tena.

Nimerekebisha, ukiiwasha marekebisho yatakufikia kwa mtandao. Betri mpya nimemwagizia fundi redio wa hapo mtaani. Sanduku basi, hata lenye matundu sitaki. Sisi huku, marekebisho yakipelekwa, chini yake huandikwa jina la mtu aliyeyajaribu kwa mikono yake akaona yanafaa. Nataka liwe jina lako. Wakaguzi wanasubiri, na safari hii wakikuta kosa wataing'oa kazi yangu yote. Ijaribu, na usinionee huruma.

Mwanao,
Kiherehere

16 Aprili

Mwanangu Kiherehere,

Hujambo? Sisi wazima. Shangazi yako anasema ule. Kiganja kimeota ngozi mpya, na hii inasikia joto kuliko ile ya zamani.

Fundi redio ameweka betri. Kompyuta iko juu ya meza barazani, upepo unaipiga. Wateja wamefurahi, walikuwa wamechoka kunionyesha kwa vidole.

Nimeifunga na kuifungua mara kumi na nane, kila mara naweka kiganja. Vuguvugu tu. Nikataka nikuandikie hapohapo yaishe. Kisha nikaifunga bila chaji, nikachomeka chaji ikiwa bado imelala, nikaifungua. Moto. Nikarudia, moto. Nikamwita Shangazi yako aweke mkono wake, akautoa mbio.

Najua wakaguzi wanasubiri. Nimekaa na barua hii siku mbili, nimeifuta mara nne. Lakini umesema nisikuonee huruma. Bado ina kosa, mwanangu. Rudi ukaushike wenzo.

Jina langu usiliandike kwanza.

Baba yako