Kirimi Amelala Isiolo, na Hahamishwi

S.L.P. 1127,
Isiolo.
9 Machi 2025

Mpendwa Shemeji Mungania,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini joto la Doha halijakushinda na kwamba mgongo umepata nafuu. Mimi mwili una nguvu. Moyo ndio mbovu, tangu tumzike mwanangu Kirimi.

Ujumbe wako wa simu niliusikia. Wewe na wazee wa ukoo mnasema Luteni mzima hawezi kuachwa kwa watu wa ng'ombe, eti mtakuja Aprili kumfukua mumpeleke Tigania, alikozikwa babu yake. Sasa nisikilize.

Mwanajeshi aliyeuawa vitani huagwa kwa risasi. Hapa kwetu mlio wa risasi maana yake ni wezi wa mifugo, na watu huingia chini ya vitanda. Kwa hiyo siku moja kabla ya mazishi jirani yangu Qabale alinishika mkono tukapita nyumba kwa nyumba, na mzee Ekitela, mfugaji kama yeye, nyuma na fimbo yake. Kila mlango Qabale alisema, "Kesho mkisikia bunduki msitoroke. Ni ya kuaga kijana yetu."

Hawakutoroka. Jeneza lilipofika limefunikwa bendera, walikuwa wamejaa hadi barabarani. Tarumbeta ililia, kisha risasi zikapigwa. Mimi mwenyewe niligeuka nikimbie, Qabale akanishika kiuno. Hakuna mlango uliofungwa. Afisa aliponikabidhi ile bendera na kofia ya mwanangu nilijivuna, shemeji, na sioni haya kusema hivyo.

Wewe sikulaumu, uko mbali. Lakini wazee? Tigania ni hapo juu tu, na walituma mtu mmoja, naye akaondoka mara tu alipomaliza kula.

Kirimi alizaliwa hapa na alikufa akilinda mpaka wa hawa watu wa ng'ombe, na wenu pia. Wasiokuja kumzika hawatakuja kumfukua.

Nisalimie mkeo Njeri na watoto, na wifi yangu Jemimah akipiga simu mwambie namkumbuka. Mungu akulinde ugenini na akurudishe ukiwa mzima. Ukija kumlilia, nitakupikia na kukutandikia kitanda. Ukija na jembe, utanikuta nimeketi juu ya kaburi.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Gaceri, mama yake Luteni Kirimi