Kadi ya Mdogo Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Kiu tena. Nimemaliza dumu zima, bado kiu. Kwenye mjengo wananiita Pampu. Tunajenga wodi mpya ndani ya kambi, hospitali iko hatua hamsini – lakini si yangu. Hutibiwa mwanajeshi, mkewe na wanawe. Kaka mtu hayumo.
Mdogo wangu, koplo hapa kambini, kanipa kadi yake ya matibabu. Eti sura zetu ni moja, nani atakagua?
Nimepokea. Mimi, mkubwa!

Jumanne, 5 Machi
Nimevaa shati lake. Karani kasoma namba ya kijeshi, nikaitika kwa woga. Nesi akacheka: "Koplo, leo umelegea kama mlenda!" Mpima damu, mzee mpole, kanishika mkono taratibu. Sukari iko juu mno. Daktari kaandika kwenye faili, dawa nikapewa.
Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi.

Jumatano, 13 Machi
Kiu imepungua. Fundi kasema Pampu imekauka.

Ijumaa, 22 Machi
Afadhali ningekufa na kiu yangu.
Mdogo wangu alikuwa aende kozi ya usajenti. Kabla ya kozi faili hufunguliwa. Humo ana kisukari – changu! Wamemshusha daraja la afya. Kozi hakuna, lindo hakuna, atakaa stoo kuhesabu blanketi. Kawaambia haumwi, wakamcheka: askari wote huficha ugonjwa.
Jumatatu bodi ya madaktari itampima upya. Damu yake safi. Watauliza ile ya mwanzo ilikuwa ya nani. Kuazimisha kadi ni rumande.
Hakunilaumu. Kasema tu, "Usije, kaka. Nitasema maabara walichanganya chupa."
Yaani lawama abebe yule mzee mpole. Nami nikakubali. Nikala chakula chake, nikalala.
Wanasema mkubwa ni jalala. Mimi taka zangu nimemmwagia mdogo.

Jumatatu, 25 Machi
Nimekuja. Naandika hapa benchi, mlango wa bodi uko mbele yangu. Saruji mikononi, sikunawa. Niliishia darasa la nne, lakini sentensi moja naiweza: ile damu ni yangu. Nimeirudia njia nzima.
Mdogo wangu yuko ndani. Mpima damu naye kaitwa, kapita na daftari lake kwapani, kanisalimia. Sikuweza kumtazama.
Nesi yule yule kasimama mbele yangu.
"Koplo! Si umeingia sasa hivi?"
Kaenda kuchungulia mlangoni. Anageuka – nafunga daftari, nasimama na sentensi yangu.