Sauti ya Baba Dukani

Mambrui,
Malindi.
6 Septemba 2025

Mpendwa kaka Taufiq,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Joto la Doha limepungua? Na ule mgongo wako je? Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama anakula vizuri, na Ijumaa ijayo anamaliza eda ya marehemu baba.

Barua hii anakuletea binamu yetu Amin mkononi, maana kwa simu nisingeweza kuyasema haya.

Kampuni ya simu imefungua duka lake Malindi mjini, na mimi nimeajiriwa humo. Najua utakunja uso. Ndio hao hao waliomuuzia baba mzigo wa simu za duka lake miaka kumi na miwili, kisha wakaamua kuuza wenyewe, wakamwacha na makabati matupu. Lakini kaka, tungekula nini? Wazee wasiojua kuwa amefariki bado huingia humo wakimuulizia.

Kazi yangu ni kupokea simu kuukuu za wanaobadilisha. Nahamisha majina na picha, kisha nafuta kila kitu. Wa kwanza alikuwa Kanze wa Kisumu Ndogo. Nikagusa kinasa sauti, mara baba huyo: "Bismillahi. Hii ni ya Kanze, Mungu amtilie heri."

Lo! Unakumbuka alivyokuwa akijaribu kila simu anayouza, anarekodi jina la mnunuzi na dua, kisha anamsikilizisha? Basi zimo zote. Kila siku baba alinisemesha mara tatu, mara nne, nami nikamfuta, kwani duka limetukataza kuchukua chochote cha mteja. Nilikuwa nikienda kulia chooni. Mwishowe nikajizoeza kufuta bila kufungua kinasa.

Wiki iliyopita betri ya simu ya mama ilivimba. Kwa kuwa hatoki, akampa jirani yetu Gladys aniletee dukani. Nilijua ni ya mama, wallahi nilijua. Nikahamisha majina, nikahamisha picha, mkono ukafuta kama ulivyozoea.

Niliporudi nyumbani akaniuliza, "Mwanangu, baba yako umemweka wapi humu?" Kumbe tangu tumzike alikuwa akimsikiliza kila siku. Nikamwambia sauti huchelewa kuhamia. Nimemdanganya mama aliye edani! Sasa kila baada ya alasiri huiweka simu mpya sikioni, akangoja. Nami namtazama tu.

Msalimie shemeji Kibibi na watoto. Gladys na mumewe Mwaringa wanakusalimu sana.

Kaka, ile simu baba aliyokupa ulipoondoka, unayo bado? Humo alitutaja sote, na jina la mama alilitaja mara mbili. Nakusihi, uitume sauti hiyo kabla ya Ijumaa. Na kama umeshaibadilisha, usiniambie mimi. Mpigie mama umwambie mwanawe ndiye aliyemfuta baba, maana mimi nimejaribu mara tatu, na kila nikifungua mdomo ananiwekea kidole niwe kimya, asije akapitwa na sauti ya mumewe.

Mola akuhifadhi huko ugenini.

Nduguyo akupendaye, mwenye makosa,
Afiya