Yaya, Ile Hita Niliiharibu Mimi

Södertälje, Jumapili ya kwanza ya Machi. Ni miaka tisa na miezi minne tangu nitoke Kalemie, na mwaka mmoja na miezi miwili tangu tukuzike hapa.

Mpendwa yaya Gaspard, kaka yangu mkubwa,

Nimekaa jikoni na kucha zangu bado ni nyeusi. Nimezisugua kwa ile sabuni ya gereji yenye mchanga, lakini masizi ya dizeli hayatoki kwa siku moja. Ni masizi ya hita ya mashua yako. Naiita yako ingawa ilikuwa ya mzee Bengt, kwa sababu ulilala humo majira mawili ya baridi, na uliniambia kwamba tangu utoke nyumbani hapo ndipo ulipopata mlango wa kuufunga mwenyewe.

Ijumaa niliifungua hiyo hita. Nilichokikuta ndani ni lazima nikuambie wewe kwanza, kabla sijamwambia Mama.

Unakumbuka siku uliyonionyesha mashua? Maji ya bandari yalikuwa yameganda, theluji imelalia maturubai ya mashua za watu, na kazi yako ilikuwa kuikwangua kabla haijayapasua, kuangalia kamba, na kumpigia mzee Bengt simu ukiona jambo. Yeye akakupa pa kulala. Ulifungua mlango mdogo ukaniambia niiname, nikajigonga kichwa hata hivyo, ukacheka mpaka ukakaa chini.

"Sekondari, umesoma lakini hujui kuinama!"

Ulikuwa ukiniita hivyo kwa kuwa nilifika mwaka wa pili wa sekondari na wewe uliachia la tano la msingi. Ilikuwa dhihaka na ilikuwa sifa, sikujua ipi zaidi.

Kisha ukanionyesha hita. Kitu kidogo, urefu wa mkate, kimefichwa chini ya benchi. Ukabonyeza kitufe ukutani ukainua kidole ninyamaze. Feni ikaanza kuvuma. Baada ya muda pampu ya dizeli ikaanza: tik, tik, tik. Halafu kitu kikaguna ndani, na hewa ya moto ikaja miguuni.

"Huyu ni mama mkwe," ukasema. "Haanzi kusema upesi. Na akianza, humkatizi. Hata ukimwambia basi, ana maneno yake ya mwisho. Unasimama kwa heshima mpaka amalize."

Nilicheka sana. Nilidhani ni mzaha tu. Kumbe ulikuwa unanifundisha jinsi ya kuizima.

Siku za Jumapili nilikuja kukuchukua twende kanisani. Ulibonyeza kitufe cha kuzima, ukavaa koti, ukatangulia kwenye gati polepole kwa sababu ya goti lako na barafu. Mimi nilibaki kufunga. Na kila Jumapili nilisikia feni bado inavuma. Nikasema moyoni, yaya amesahau tena. Chini ya ngazi kulikuwa na ile swichi kubwa nyekundu inayokata umeme wote wa betri. Nilizungusha, tak, kimya. Nikafunga mlango nikakufuata, nimeridhika.

Unajua nilikotoa tabia hiyo. Kwetu hakuna anayetoka nyumbani bila kukata umeme. Ukikatika wenyewe unarudi kwa nguvu, na radio ya baba ilikufa hivyo, na nyumba ya majirani iliungua ukuta mzima. Mama alikuwa akiturudisha kutoka njia ya kanisa, tumevaa nguo za Jumapili, tukahakikishe. Mara nyingi alikutuma wewe. Ukikawia, alinituma mimi nikuangalie wewe.

Uliniambia. Lazima niandike hivyo, kwa sababu ni kweli. Nilipokuuliza, "Yaya, unaacha moto unawaka halafu unakwenda kuomba?" ulijibu bila kugeuka, "Nimeshazima. Mwache amalize, atanyamaza mwenyewe."

"Atanyamaza akishachoma mashua."

"Sekondari, wewe funga mlango tu."

Mlango nilifunga. Na swichi nilikata.

Mara ya kwanza ilipokataa kuwaka ilikuwa Desemba. Ilitoa moshi mweupe kwa nje, ikajaribu, ikajaribu tena, kisha taa nyekundu ikawa inapepesa tu. Ulilala siku nne na makoti mawili na kofia. Fundi wa Kiswidi akaja, akaisafisha, akaondoka. Mara ya pili ilikuwa Februari, na safari hiyo tulitaka kuitengeneza wenyewe. Jumamosi ile naipenda mpaka leo. Tulipima betri, ikawa nzima. Tulibadilisha chujio la dizeli. Ulishika tochi mimi nikaangalia kama kuna mapovu ya hewa kwenye bomba la mafuta, halafu tukabadilishana kwa sababu nilikuwa natetemeka. Ulilala kifudifudi kwenye gati ukaingiza waya wa henga ya nguo kwenye tundu la moshi, ukatoa theluji na kipande cha jani, ukanionyesha kama umevua samaki. Haikuwaka. Tulikula ugali na dagaa tukiwa tumevaa glavu.

Ndipo nikatoa hukumu yangu. Nikasema ni dizeli. Nikasema unaacha kifuniko cha tangi wazi na maji yanaingia. Ulinitazama muda mrefu. Nilifikiri unaona aibu.

Fundi akaja tena, ikapona. Jumapili iliyofuata nilikuta umebandika plasta juu ya ile swichi nyekundu, plasta ya kidonda, mbili zimepita msalaba. Nikakucheka.

"Yaya, swichi imejikata?"

"Imeumia, ndiyo. Usiiguse."

Ukatoka. Feni ikawa inavuma. Nikaibandua plasta, nikakata umeme, nikairudisha vizuri usijue. Nilifanya hivyo, yaya. Niliirudisha vizuri.

Mara ya tatu mzee Bengt hakuleta fundi. Alikuja na mkewe, wakazungumza na wewe kwa upole wao, na ukapewa mpaka mwisho wa mwezi. Nilikusaidia kubeba mabegi mpaka kituo cha basi. Njiani nilikuambia, "Wewe ni mzembe, yaya. Hata nyumbani ulikuwa hivihivi. Mtu anakupa mashua nzima na unashindwa kutunza kitu cha ukubwa wa mkate." Ulihamisha begi kutoka bega hili kwenda bega lile. Ukasema basi linakuja.

Ukaenda kulala kwenye godoro sebuleni kwa watu wa kanisa, ambako ulisubiri kila siku watoto wamalize televisheni ndipo upate kitanda chako. Mimi nikampigia Mama simu, nikamwambia yote kama nilivyoyaona. Mama akawaambia baba wadogo. Sasa Kalemie nzima ya kwetu inajua kwamba Gaspard alipewa mashua na Mzungu akaiharibu kwa uzembe. Hukujitetea. Ulimwambia Mama, "Ni hivyo, Mama, nimehama," ukamuuliza habari za mguu wake.

Miezi kumi baadaye moyo wako ulisimama asubuhi, ukiwa unakwenda kazini. Sisemi hita ndiyo iliyokuua. Daktari alisema ni ugonjwa wa muda mrefu, na mimi sina elimu ya kumpinga. Ila ulikufa ukiwa mtu wa kulala sebuleni kwa watu, na jina la mzembe ulilokuwa nalo nyumbani nililituma mimi.

Sasa sikiliza habari ya Ijumaa. Unajua nafanya kazi kwenye yadi ya mashua, nasugua matumbo ya mashua za watu na kubeba kila kizito. Nafasi hiyo ilipatikana kwa neno la mzee Bengt, majira yale yale ya mashua yako. Sasa anaiuza, na mnunuzi anataka hita inayofanya kazi. Msimamizi akamtuma fundi wetu Wafula, Mkenya, na mimi nimshikie vyombo.

Nilimwambia kwamba yaya wangu Gaspard aliishi humu.

"Yaya? Kwetu yaya ni mama wa kulea watoto, boss. Kwani kaka yako ndiye alikulea?"

Nikamwambia ndiyo. Akaona uso wangu, akaacha mchezo.

Aliitoa hita, akaiweka mezani, akafungua kifuniko na gasketi. Chumba cha moto kilikuwa kimejaa masizi, magumu, kama chungu kilichoungua kwa miaka. Ile plagi inayowasha moto ilikuwa imezibwa kabisa. Wafula akakwangua kwa bisibisi, akanusa.

"Hii si dizeli mbaya. Hakuna maji. Huyu kaka yako alikuwa anazima aje hii kitu?"

"Kwa kitufe."

"Hapana. Ukizima na kitufe, feni inaendelea dakika tatu, nne. Inachoma mafuta yaliyobaki, inapoza chuma. Hapa kuna mtu alikuwa anaikatia umeme ikiwa bado moto. Mafuta yanabaki ndani, yanakuwa hii." Akanionyesha kidole cheusi. "Tena si mara moja. Mtu alikuwa anafanya hivi kila wiki, kama dawa."

Kama dawa.

Mzee Bengt alifika saa nane kuona kazi. Kwa Kiswidi changu nilimuuliza kama aliwahi kukueleza habari ya kukata umeme. Akasema ndiyo, mara mbili. Fundi wake alikuwa amemwambia kwamba kuna mtu anaizima vibaya. Alikuuliza ni nani, na wewe ukajibu: ni mimi, ni tabia ya nyumbani kwetu, nitaacha. Na siku ya mwisho alikuuliza tena, ukajibu vilevile. "Nilisikitika," mzee akasema. "Alikuwa mtu mwangalifu sana katika mambo mengine yote."

Siku ya mwisho aliyoitaja ilikuwa katika wiki ile ile aliyoniandikia barua ya kunipendekeza kazini. Nimehesabu mara nyingi tangu Ijumaa na hesabu haibadiliki. Kama ungemwambia, "Ni mdogo wangu," nani angempa mdogo huyo mashua za watu azishike?

Yaya, nimelia, na pia nimekukasirikia, nikuambie ukweli. Kwa nini hukunishika shati? Kwa nini plasta, kwa nini mama mkwe, kwa nini hukuniambia kavu, "Wewe ndiye unayeharibu"? Jana nilizunguka mji mzima kwa miguu nikikugombeza. Halafu nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nakujibu siku hizo, na sauti niliyoitumia. Ungeniambia, ningesema unatafuta wa kumtupia kosa. Ningempigia Mama simu nimwambie na hilo.

Wafula alimaliza kuisafisha, akaweka plagi mpya. Iliwaka mara ya kwanza, moshi kidogo, kisha hewa safi ya moto. Akaniambia niizime mimi. Nilibonyeza kitufe nikakaa kwenye benchi lako mpaka feni iliponyamaza yenyewe. Wafula alikuwa na kazi nyingine inayomngoja, lakini alikaa na mimi.

Nyumbani bado hawajamaliza kilio chako, hawajaanua matanga. Wananingoja. Unajua desturi yetu: yule aliyekuwa karibu na marehemu ndiye anayesimama mbele ya ukoo na kueleza alivyoishi, alivyougua na alivyokufa, na akikaa chini neno hilo ndilo linalobaki. Mara mbili baba mdogo ameniomba niliandike alisome mwingine, nami nikasema nina kazi. Kwa kweli nilikuwa sitaki kusimama. Nilikuwa na hadithi fupi ya kutosha karatasi moja: alikuwa mtu mzuri, mzembe kidogo, moyo ukachoka. Wangetikisa kichwa, wangekula, ingeisha.

Jana nimempigia baba mdogo. Nimemwambia asiwape wengine neno hilo. Msimamizi hawezi kuniruhusu sasa, maana Aprili na Mei mashua zote zinarudi majini, lakini Julai yadi inafungwa. Nitapitia Lubumbashi na nitafika Kalemie Jumamosi ya pili ya Julai. Kilio kitamalizwa kesho yake baada ya ibada. Nimeomba niseme kabla ya chakula, kwa sababu najijua, nikishakula pamoja nao nitaogopa. Nitamwambia Mama mbele ya watu wote ni nani aliyekata umeme na ni nani aliyesema "ni mimi." Akitaka kuniuliza, nitajibu. Asipotaka kuniona siku hiyo, nitalala kwa dada Furaha, na asubuhi nitarudi mlangoni kwake.

Pumzika, yaya. Julai nitakusemea.

Mdogo wako.